Boksi moja au mawili? Siri ya mngurumo wa gitaa la besi

Na Mwandishi Wetu

MTU anayesafiri kwa barabara kuu kutoka Geita kuelekea Bwanga, mara baada ya kuuacha mji wa Katoro, huingia Buseresere bila hata kutambua kwamba amevuka mpaka wa wilaya. Katoro upo Wilaya ya Geita, na Buseresere upo Wilaya ya Chato, wilaya iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Kagera hadi Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012. Kwa macho ya mgeni, huo ni mji mmoja.

Katika miji ya namna hiyo, ambako fedha za dhahabu, mpunga na samaki hukutana sokoni, muziki haupigwi kwa kunong'ona. Kwaya zina magitaa yake, mikutano ya injili hufanyika viwanjani, harusi huendelea hadi usiku, na wenye vyombo vya kukodisha hushindania wateja kwa kigezo kimoja kinachoeleweka na kila mtu: nani anasikika zaidi.

Kushindana kwa sauti si jambo geni Usukumani. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watazamaji huwa huru kuhama kutoka upande huu kwenda upande ule. Anayewavuta wengi ndiye mshindi. Kilichobadilika ni chombo tu: kazi iliyokuwa ya ngoma kubwa, ya kulitikisa tumbo la msikilizaji, sasa inafanywa kwa kiasi kikubwa na gitaa la besi.

Na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Gitaa la besi ndilo chombo kigumu kuliko vyote kukipa sauti. Chukua mfano wa kwaya yenye amplifaya ya wati 300 na boksi moja lenye spika nne za inchi 10. Kanisani wanasikika vizuri, lakini wakitoka uwanjani besi inapotea, na mpigaji analalamika kila wiki. Michango iliyokusanywa inatosha kununua kitu kimoja tu: amplifaya yenye wati mara mbili, boksi la pili linalofanana na la kwanza, au boksi lenye spika moja kubwa ya inchi 15.

Wengi huchagua amplifaya, kwa hoja kwamba wati 600 ni mara mbili ya wati 300, hivyo sauti nayo itakuwa mara mbili. Kwa bahati mbaya, sikio la binadamu halihesabu hivyo.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hicho hakipandi kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha. Kila mara wati zinapoongezwa maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu. Ili msikilizaji wa kawaida aseme kwamba sauti sasa ni kubwa mara mbili, kunahitajika ongezeko la takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa kwaya ya mfano wetu hizo ni wati 3,000, ambazo spika zake zisingezistahimili hata kidogo, achilia mbali jenereta.

Kwa hiyo aliyetoka wati 300 kwenda wati 600 amenunua desibeli 3. Zinasikika, na kwenye besi husikika kidogo zaidi kuliko kwenye sauti za juu, lakini si kile alichokitarajia alipokuwa akihesabu noti dukani.

Boksi la pili hufanya kazi kwa njia nyingine. Spika mbili zinazofanana, zikiwekwa karibu na kupewa sauti ileile, husukuma hewa kwa pamoja. Kwa sauti nzito, ambazo mawimbi yake ni marefu kuliko umbali uliopo kati ya spika hizo, kila moja humsaidia mwenzake, na ufanisi wa jumla huongezeka. Hata kama amplifaya itatoa wati zilezile, zikigawanywa kati ya maboksi mawili, sauti hupanda kwa desibeli 3. Desibeli hizo hazigharimu umeme wowote wa ziada.

Lakini kwa amplifaya za kisasa zinazotumia transista, hadithi haiishii hapo. Boksi la omu 8 likiunganishwa na jingine la omu 8 sambamba, mzigo unashuka hadi omu 4, na amplifaya hutoa wati nyingi zaidi. Ingekuwa kamilifu ingetoa mara mbili, na ongezeko la jumla lingekuwa desibeli 6. Kwa kawaida haifiki hapo. Iliyokuwa ikitoa wati 300 kwenye omu 8 huweza kutoa wati 500 hivi kwenye omu 4, sawa na desibeli 2.2. Ukijumlisha na zile 3 za ushirikiano wa spika, kwaya imepata zaidi ya desibeli 5, ikilinganishwa na 3 za amplifaya kubwa.

Amplifaya za taa, zile nzito za zamani, zina transfoma inayoruhusu fundi kuchagua omu 2, 4 au 8 na kupata wati zilezile. Kwa hizo, boksi la pili huleta desibeli 3 pekee.

Hesabu hizi zinaonekana vizuri zaidi mtu akianza na spika moja. Tuseme spika moja ya inchi 10 inatoa desibeli 94 kwa wati moja, ikipimwa umbali wa mita moja. Mbili zitatoa desibeli 97 kwa wati hiyohiyo moja. Nne zitatoa 100, na nane zitatoa 103. Kwa maneno mengine, boksi la spika nane likipewa wati 150 hulingana na boksi la spika mbili lililopewa wati 600. Ni mkakati wa kizamani, lakini kabla ya wati kuwa rahisi kupatikana, ndivyo wanamuziki walivyopata sauti: kwa kuongeza koni, si kwa kuongeza moto.

Mfano maarufu kuliko yote ni wa kampuni ya Ampeg ya Marekani, ambayo mwaka 1969 ilitoa mtambo ulioitwa SVT. Ulikuwa wa taa, wenye wati 300, kiwango kikubwa mno kwa wakati huo, na ulitengenezewa maboksi yenye spika nane za inchi 10 kila moja. Kundi la Rolling Stones liliutumia katika ziara yake ya Marekani ya mwaka huohuo, na boksi hilo la spika nane bado linatengenezwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba boksi hilo halishuki chini sana. Kwa mujibu wa vipimo vya watengenezaji wenyewe, huanza kupungua nguvu karibu na hezi 58, wakati uzi mzito wa gitaa la besi hutoa noti ya hezi 41. Hata hivyo hakuna anayelilaumu kwa kukosa uzito. Sababu ni kwamba noti moja ya besi haina mtetemo mmoja. Uzi wa hezi 41 hutoa pia hezi 82, 123 na kuendelea, na ubongo ukisikia hizo za juu hujijazia wenyewe ile ya chini iliyokosekana. Sehemu kubwa ya kile ambacho watu hukiita besi nzito ipo kati ya hezi 80 na 200.

Hilo linatufikisha kwenye imani iliyoenea sana miongoni mwa wanamuziki wetu, kwamba spika ya inchi 15 ni lazima iwe nzito kuliko ya inchi 10. Si lazima. Kinachoamua ni jinsi spika yenyewe ilivyotengenezwa, ukubwa wa boksi lake, na kama boksi limefungwa kabisa au lina tundu la kupumulia. Zipo spika za inchi 10 zinazoshuka chini kuliko za inchi 15, na kinyume chake.

Kwa upande wa kelele peke yake, la kutazama ni eneo la koni na umbali ambao koni inaweza kusogea mbele na nyuma kabla ya kuumia. Koni ya inchi 10 ina eneo la takriban sentimita za mraba 340. Ya inchi 15 ina 850 hivi. Maana yake ni kwamba spika moja ya inchi 15 ni sawa na spika mbili na nusu za inchi 10, na boksi la spika nne za inchi 10, lenye karibu 1,360, linaishinda kwa mbali iwapo koni zote zinaweza kusogea umbali sawa. Maboksi mawili ya inchi 15 ndiyo yanayoweza kulizidi, kwa 1,700.

Eneo hilo lina umuhimu wa pekee kwa noti za chini. Kila noti inaposhuka kwa oktava moja, spika inalazimika kusukuma hewa mara nne zaidi ili kudumisha sauti ileile. Kutoka uzi mwembamba wa G, wenye hezi 98, hadi uzi mnene wa E, ongezeko hilo linakaribia mara sita. Ndiyo maana mpiga besi anaweza kusikika vizuri akiwa juu ya shingo ya gitaa, halafu akishuka chini spika ikaanza kukoroma. Koni imefika mwisho wa safari yake, na wati zaidi haziwezi kusaidia. Zitaichana.

Boksi la pili hupunguza tatizo hilo kwa njia iliyo rahisi kuielewa: kwa sauti ileile, kila koni inasogea nusu tu ya ilivyokuwa ikisogea awali.

Kuna pia suala la joto. Spika hugeuza asilimia chache tu ya umeme kuwa sauti, na sehemu iliyobaki huwa joto ndani ya koili. Koili ikipata moto, ukinzani wake hupanda na hupokea wati pungufu, hivyo baada ya saa nzima ya kupiga kwa nguvu, boksi linaweza kupoteza desibeli mbili au tatu bila mtu kugusa kitufe chochote. Mpigaji, akidhani masikio yamechoka, huongeza. Mafundi wanaobadilisha koili zilizoungua hupata kazi nyingi kutokana na kosa hilo.

Vipi basi kuhusu lile wazo la tatu, la kuchanganya boksi la spika nne za inchi 10 na boksi la spika moja ya inchi 15? Mchanganyiko huo unapendwa sana, kwa maelezo kwamba za inchi 10 zitatoa ukali na ya inchi 15 itatoa uzito. Kwenye karatasi ni maelezo mazuri.

Tatizo ni kwamba amplifaya haijui nia hiyo. Yakiwa yote mawili ya omu 8, kila boksi hupewa nusu ya wati. Kati ya wati 500, spika ya inchi 15 peke yake hupokea 250, wakati kila spika ya inchi 10 hupokea 62 na ushee. Ile kubwa huelemewa mapema, ikaanza kukoroma, na mpigaji hulazimika kupunguza sauti ilhali zile nne bado zina nafasi tele. Hali huwa mbaya zaidi iwapo boksi la inchi 15 ni la omu 4, kwani litachukua theluthi mbili ya wati zote. Isitoshe, maboksi ya aina mbili hayasogei kwa mwendo mmoja katika kila noti, hivyo zipo noti ambazo badala ya kusaidiana hupunguzana.

Wapo wapigaji wanaoipenda ladha ya mchanganyiko huo, na ladha haina ubishi. Lakini anayetafuta sauti kubwa kwa fedha kidogo atapata zaidi kwa boksi pacha.

Kuongeza maboksi nako kuna kikomo. Amplifaya nyingi za transista hazitakiwi kupewa mzigo chini ya omu 4. Maboksi mawili ya omu 8 yanafikia kikomo hicho barabara. La tatu linashusha mzigo hadi omu 2.67, na mawili ya omu 4 yanashusha hadi omu 2. Amplifaya inaweza kuvumilia kwa nyimbo mbili au tatu, kisha ikajizima kwa joto, au ikaungua katikati ya ibada.

Uwanjani, adui mwingine ni umbali. Pasipo kuta, sauti hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Boksi linalotoa desibeli 120 mita moja mbele ya mpigaji litafika na 102 kwa aliye mita nane, na 90 kwa aliye mita 32. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya kanisa na uwanja. Ndani ya jengo la matofali na bati, kuta hurudisha sauti nzito na kuijaza, wakati mwingine kupita kiasi, hadi mabati yenyewe yakaanza kupiga besi yao. Nje, kinachorudi ni kidogo sana.

Ardhi yenyewe husaidia. Boksi lililokaa chini hupata nguvu zaidi kwenye noti nzito kuliko lililoinuliwa juu ya meza, na likisogezwa hadi liguse ukuta, hupata zaidi. Lakini likiachwa mita moja kutoka ukutani, sauti inayorudi huchelewa kiasi cha kuifuta ile inayotoka, karibu na hezi 86. Hiyo ni takriban noti ya F, kitufe cha tatu kwenye uzi wa D. Mpigaji anayeona noti hiyo inapotea kila mara asiwe mwepesi wa kulaumu gitaa.

Upangaji wa maboksi nao una athari ambayo wengi hawaizingatii. Maboksi mawili yakipangwa ubavu kwa ubavu, sauti za kati, zinazobeba ukali wa vidole juu ya nyuzi, husonga mbele kwa njia nyembamba, na waliokaa pembeni hubaki na mngurumo usioeleweka. Yakipangwa moja juu ya jingine, sauti hizo hutawanyika upana, na spika za juu hufika karibu na masikio ya mpigaji.

Jambo hilo la mwisho pengine ndilo linalosababisha malalamiko mengi kuliko upungufu wa wati. Mpiga besi aliyesimama hatua moja mbele ya boksi lililo chini hupata sauti za kati magotini. Yeye hajisikii, anaongeza, na watu wa safu ya tatu wanaziba masikio. Kuliinamisha boksi kidogo kwa nyuma, au kuliweka juu ya kiti imara, hakugharimu shilingi.

Sikio lenyewe ni bovu kwa sauti nzito, na hilo lilithibitishwa tangu mwaka 1933 na watafiti wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson. Sauti ya hezi 1,000 yenye desibeli 40, sawa na mazungumzo ya taratibu, ili ilinganishwe na sauti ya hezi 40, hiyo ya pili inahitaji zaidi ya desibeli 80. Besi inalazimika kubeba nguvu nyingi sana ili tu isikike sawa na wengine.

Hiyo haina maana kwamba haidhuru. Kiwango kinachotumiwa sana na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, muda huo ukipunguzwa nusu kwa kila ongezeko la desibeli 3. Kwa desibeli 100, muda unaobaki ni dakika 15. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kumbi za muziki zisizidi wastani wa desibeli 100 katika kila dakika 15. Nchini, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015 zinalisimamia suala hilo, na sauti nzito ndiyo inayopenya kuta za jirani kuliko nyingine yoyote.

Mnunuzi anapaswa pia kujihadhari na wati za kwenye karatasi. Maboksi mengi ya bei nafuu yameandikwa wati 1,000 au zaidi, kwa hesabu ya mlipuko wa nukta moja ambao spika haiwezi kuurudia. Wati za maana ni zile ambazo spika inaweza kuzibeba mfululizo, na mara nyingi ni sehemu ndogo ya kilichoandikwa kwa herufi kubwa. Wati zenyewe, hata zikiwa za kweli, ni kiasi ambacho spika inastahimili, si kiasi cha sauti inayotoa. Namba ya kuulizia ni desibeli kwa wati moja, umbali wa mita moja. Muuzaji asiyeijua si lazima awe mdanganyifu, lakini namba iliyozidi 100 kwa boksi dogo la spika moja au mbili itiliwe shaka.

Maboksi yanayotengenezwa na maseremala wetu yana tabia zake. Mbao zikiwa nyembamba, boksi lenyewe hutetemeka na kula sehemu ya nguvu, na tundu likitobolewa kwa kukisia, noti moja huvimba kuliko nyingine zote. Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya spika ya KLH ya Marekani, ndiye aliyeweka kanuni ambayo mafundi wa spika huiita ya chuma: boksi dogo, sauti nzito na ufanisi mkubwa haviwezi kupatikana kwa pamoja. Fundi huchagua viwili na kukiacha cha tatu.

Kwa kwaya inayosafiri, kinachoachwa kwa kawaida ni sauti nzito kabisa, maana uzito wa mzigo nao ni gharama. Boksi la spika nane la Ampeg lina takriban kilo 64, na haliwezi kupakiwa bodaboda. Maboksi mawili ya spika nne hufanya kazi ileile, hubebwa na watu wawiliwawili, na moja linaweza kubaki kanisani siku ambayo ibada ni ya ndani.

Kabla ya kulipa, mnunuzi hana budi kuligeuza boksi na kusoma kibandiko cha nyuma. Kama lile la kwanza limeandikwa omu 8, la pili nalo liwe la omu 8, na ikiwezekana liwe la kampuni na aina ileile. Likiwa limeandikwa omu 4, na amplifaya ikomee omu 4, basi boksi la pili halifai kuunganishwa hapo kabisa, hata likiuzwa kwa nusu bei.